Mahale jamani, sio mchezo

Wadau nimefika Mahale bana, ile hifadhi ya sokwe kule Kigoma, na mkisikia watu wanasema ni mbali waaminini tu. Toka Kigoma unashuka na boti kusini Ziwa Tanganyika, mawimbi yanakutwanga mpaka unakumbuka dua za madrasa, ukifika hifadhini hakuna barabara wala gari, ni miguu tu unapandisha msituni. Sokwe wamezoea watu maana watafiti wa Kijapani walianza kuwafuatilia toka 1965, hifadhi yenyewe imekuja kutangazwa 1985. Barakoa lazima, mafua yetu yanaweza kuwaua, na ukishawapata muda wako ni saa moja tu.

Sasa nikawaona madume wawili wamekaa wanatazamana, kila mmoja kanyanyua mkono juu wameshikana, na mkono wa pili wanachambuana manyoya ya kwapani taratiiibu, mdomo unachezacheza kama mtu anahesabu hela. Na hiyo staili sio kila kundi la sokwe Afrika linayo!

Kinachouma ni nauli ya boti, sio kiingilio, sisi Wabongo tunalipa kidogo kuliko wageni. Mnaotaka kwenda jikusanyeni wengi mchangie mafuta.