Rejista iliniambia walichoshindwa kusema

Nilipokabidhiwa darasa lile, ambalo baadhi ya wasichana wake walikuwa wakikosa shule mara kwa mara, mwalimu mwenzangu aliniambia nisijisumbue. "Wasichana wa familia hizi hata uwabebe mgongoni wataacha tu. Wazazi wao hawathamini shule." Maneno hayo yananikera mpaka leo. Mama wa mmoja wao alikuwa akifua nguo za watu ili mwanawe apate daftari. Huyo hathamini shule?

Mimi mwenyewe nilianza kwa kuharibu. Nilipata maboksi mawili ya pedi za msaada, nikayaweka mezani mbele ya darasa zima, nikaanza kuita majina ya wasichana niliojua wana hali ngumu. Wa kwanza akaja ameinamisha kichwa. Wa pili akasema anazo nyumbani. Wa tatu hakunyanyuka kabisa. Kule nyuma wavulana wakaanza kugongana viwiko. Kesho yake wawili hawakuja, na mmoja alikaa nyumbani wiki nzima. Nilikuwa nimewatangazia umaskini na hedhi kwa mpigo mmoja. Jambo hilo liliniuma mno.

Nikaacha kuita majina, nikaichukua rejista ya mahudhurio. Miezi yote nilikuwa naijaza tu. Safari hii niliisoma jina kwa jina, nikizungushia duara kila siku ya kukosa. Binti mmoja alikosa siku tatu, karibu wiki nne baadaye tatu nyingine, kisha tena. Mwingine alikosa kila Jumatano: mama yake siku hiyo ana kibarua, naye anabaki kumlea mdogo wake. Wa tatu alipotea kila mwanzo wa muhula, michango inapodaiwa. Na mimi wote nilikuwa nimewaitia pedi!

La Jumatano lilikwisha kwa mazungumzo ya jioni moja. Bibi wa jirani akakubali kukaa na mtoto. Kwa la michango nilimwomba mkuu wa shule familia zilipe kidogo kidogo, na majina ya wanaodaiwa yasisomwe tena mstarini.

Pedi tukaamua kushona wenyewe, wasichana wote, mwenye nacho na asiye nacho, ili asijulikane nani anasaidiwa. Za kwanza tulitumia taulo nene: hazikukauka hata siku ya pili, zikatoa harufu. Ndipo nikavunja miavuli mibovu. Kitambaa cha mwavuli hakipitishi maji, kwa hiyo tulikishonea chini, juu yake tukaacha mfuko. Ndani ya mfuko unaingiza kipande cha flana cha mraba, kimekunjwa mara tatu. Ukikifua na kukikunjua, kikiwa kwenye kamba kinafanana na leso! Hapo ndipo nilipofurahi kweli, maana walikuwa wanaanika uvunguni kwa aibu, na kitambaa cha hedhi kinataka jua. Mwanzo loweka kwa maji baridi. Ya moto yanagandisha doa. Gharama ilikuwa ndogo, uzi na vifungo basi. Na mpe kila mmoja vipande vya kutosha, maana atabadilisha kila baada ya saa nne hadi sita, na vingine viko kambani.

Hata hivyo yule wa siku tatu aliendelea kukosa. Siku moja tukiwa tunashona, bila kuinua macho kwenye sindano, akaniambia, "Mwalimu, mlango wa choo haufungi." Wenye marafiki walilindana mlangoni. Yeye hakuwa na wa kumlinda. Nilinunua komeo na skrubu nne, nikalifunga mwenyewe kabla ya kengele ya asubuhi.

Muhula uliofuata mstari wake kwenye rejista ulikaa bila duara hadi wiki ya mitihani, alipougua mafua makali. Nilikwenda kumwona jioni. Kabla sijaketi akaniuliza maswali ya hesabu yalikuwaje.