Breka ya cheche niliyotaka kuing'oa

Kila nikichomeka pasi chumbani, breka ya cheche, ile inayokata umeme ikihisi cheche kwenye nyaya, inakata. Tak! Giza. Nairudisha, napiga kola moja, tak! tena. Baada ya wiki mbili nikampigia simu fundi aliyeifunga: njoo uniwekee breka ya kawaida, yaishe.

"Bosi, hiyo haikati bure. Tafuta kwanza inachokiona."

Nilinuna, lakini nikamsikiliza. Nikachomoa kila kitu kwenye laini ile, breka ikatulia. Nikarudisha kimoja kimoja: taa ya mezani, feni, chaja, kimya. Pasi ikaiangusha, nami nikaihukumu pasi. Ila nilipoichomeka kwenye soketi ya karibu na mlango, laini ileile, nilinyoosha nguo zote bila kukatika hata mara moja. Kumbe mbaya wangu ni soketi ya kando ya kitanda.

Nikazima swichi kuu, nikahakikisha kwa testa kwamba hakuna moto, nikafungua. (Kama mkono wako haujazoea kazi hizi, mwachie fundi.) Waya wa laivu ulikuwa unacheza kwenye skrubu yake, nikiugusa unatikisika. Plastiki yake imekauka, imekuwa nyeusi, nikiikunja kidogo inameguka. Kwenye ncha ya shaba kuna vidoa vya kuyeyuka. Na ile harufu kama ya shombo niliyokuwa nalisingizia zulia, ilikuwa inatoka humo.

Pale waya ulipolegea umeme ulikuwa unaruka, na cheche za namna hiyo zina joto la maelfu ya nyuzi. Lakini mkondo wake hauzidi ule unaovutwa na pasi: wati 2,000 kwa volti 230, yaani ampea 9 hivi. Breka ya kawaida ya ampea 16 haina la kulalamikia hapo. Ile ya miliampea 30 inayotukinga tusipigwe na umeme nayo husubiri umeme uvuje kwenda ardhini, na huu haukuvuja. Ya cheche husikiliza mkwaruzo wa masafa ya juu ndani ya umeme wenyewe. Feni na chaja hazikuishtua kwa sababu zinavuta kidogo mno. Kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi, IEC 62606, huanza kuvipima kwenye ampea 2.5.

Nikakata waya hadi kwenye shaba inayong'aa, nikafunga soketi mpya, nikakaza skrubu, halafu nikauvuta waya kwa nguvu nione kama utachomoka. Haukuchomoka. Tangu hapo pasi inafanya kazi palepale kitandani.

Drili yangu kuukuu bado huikatisha breka mara mojamoja. Ile ina brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye mota) zilizolika, cheche zake unaziona kabisa kwenye matundu ya pembeni. Brashi mpya nimeshanunua. Breka naiacha ilipo.