Visa na Mikasa ya Kumwaga Samadi Ireland

Katika kaunti za kusini mwa Ireland, ikiwemo Cork ninakoishi na kufanya kazi, sheria inakataza kumwaga samadi ya majimaji mashambani kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi tarehe 12 Januari. Wenzetu wa Donegal na Leitrim, ambako mvua ni nyingi zaidi na ardhi haikauki upesi, husubiri hadi mwisho wa Januari. Marufuku hii inatokana na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1991 kuhusu nitrati, ambalo shabaha yake ni kuzuia mbolea isisombwe na mvua za majira ya baridi hadi kwenye mito na visima vya watu. Ni agizo zuri na ninaliunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, linamaanisha kwamba kinyesi chote cha ng'ombe waliofungiwa bandani hujikusanya chini ya miguu yao kwa miezi kadhaa, na siku ya ruhusa inapofika huku jua likichungulia kidogo, kila mfugaji anataka kutoa cha kwake siku hiyo hiyo, kwa trekta lile lile la kukodi ambalo jirani naye analililia. Mikasa mingi nitakayoieleza inazaliwa na haraka hiyo.

Ninaandika habari hizi kwa sababu vijana wa nyumbani wanaoniulizia kazi kwenye mashamba ya maziwa ya huku huuliza juu ya kukamua, juu ya mshahara na juu ya baridi. Sijapata bado anayeuliza juu ya samadi, ilhali hapo ndipo watu wanapochafuka, wanapoharibu mitambo, wanapogombana na majirani na, mara nyingine, wanapopoteza maisha.

Mimi ni mzaliwa wa Rombo, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, na kwetu samadi ni mali. Ng'ombe wawili au watatu wanaolishwa bandani wanatandikiwa majani ya migomba, majani hayo yanachanganyika na kinyesi, kisha mama zetu wanayabeba kwa toroli au kichwani hadi kwenye shina la mgomba na la mbuni. Ni kitu kikavu kiasi, kinachoshikika, kinachokaa pale ulipokiweka. Huku ng'ombe mia moja na zaidi wanalala kwenye banda ambalo sakafu yake ni mihimili ya zege iliyoachiwa mianya, na kinyesi pamoja na mkojo vinapenya kwenye mianya hiyo na kuangukia ndani ya shimo kubwa lililojengwa chini ya banda zima. Kwa ukanda wetu shimo lazima liweze kuhifadhi samadi ya wiki 16, na kwa Donegal na Leitrim wiki 22. Kinachopatikana humo ni uji mzito wa kijani iliyoiva, unaofyonzwa kwa pampu na kwenda popote unapopata upenyo. Yeyote aliyelelewa na samadi ya kihambani, yaani ya shamba la migomba linalozunguka nyumba, anahitaji kujifunza upya tabia za kitu hiki.

Uji huo ukikaa unajitenga. Juu hufanya gamba gumu, katikati maji, na chini tope zito. Kwa hiyo kabla ya kufyonza lazima ukorogwe kwa panga kubwa la chuma linalozungushwa na trekta, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi. Nitarudi kwenye hatua hii ya kukoroga, kwa kuwa ndiyo inayoua.

Nianze na mikasa ya kuchafuka. Chanzo chake kikubwa ni vitu vinavyodondoka kwenye mianya ya sakafu miezi yote ya baridi bila mtu kujali: kamba za nailoni za kufungia marobota ya majani, vipande vya plastiki inayofunika sileji (majani yaliyochachushwa ya kulishia ng'ombe), mawe yanayoingia na kwato, hata hereni za plastiki zinazobeba namba za ng'ombe. Tenki la kisasa la kumwagia samadi lina boriti ndefu nyuma yenye mipira mingi ya bomba inayoning'inia karibu na ardhi, na juu yake kuna sanduku la chuma lenye visu vinavyokatakata na kugawa samadi kwa kila mpira. Kamba moja ikijisokota kwenye visu hivyo, mipira minne au mitano inakauka, na dereva aliyeko mbele hana habari. Shamba ndilo linalosema baadaye. Wiki mbili zikipita unaona mistari ya majani mabichi yaliyonawiri, na kati yake mistari iliyopauka, kutoka uzio hadi uzio, na mfugaji anapita akiitazama kila siku anapokwenda kwa ndama wake.

Kuzibua sanduku hilo kunataka utulivu. Shafti ya trekta inayoendesha mtambo inazimwa, trekta linazimwa na ufunguo unatolewa, visu vinasubiriwa visimame kabisa, kisha boliti zinalegezwa moja moja kwa spana, kila moja kidogo tu, ili presha iliyobaki itoke polepole pembeni. Anayezilegeza kwa pupa anapokea samadi usoni, na samadi iliyosukumwa na presha inaingia machoni, masikioni na ndani ya kola hadi kifuani. Kifuniko kikishainuliwa, unaingiza mkono wenye glavu na kuvuta. Kamba inatoka taratibu, imesukana na manyoya ya ng'ombe na vinyuzi vya plastiki hadi imekuwa nene kama mkia, na mwisho wake mara nyingi umeng'ang'ania jiwe dogo lililolainika kwa kusagwa.

Mkasa mwingine, ambao nadhani kila shamba la hapa limeupata, unahusu kiboya. Tenki la kufyonza linafanya kazi kwa pampu inayoondoa hewa ndani yake, na samadi inapanda kujaza nafasi. Juu ya tenki kuna kiboya, yaani mpira mdogo unaoelea, ambao samadi ikikaribia kujaa hupanda nayo na kuziba njia inayokwenda kwenye pampu. Februari moja kiboya chetu kiliganda kwa samadi kavu ya mwaka uliopita na hakikupanda. Samadi ikapita, ikaingia kwenye pampu na kutokea kwenye ekzosi yake kwa kishindo, na mwenzangu Mfilipino aliyekuwa amesimama upande huo akilinda bomba alirowa kuanzia kofia hadi mabuti, pamoja na ukuta wa chumba cha maziwa uliopakwa chokaa nyeupe siku chache kabla ya hapo. Tulimmwagia maji ya bomba nje, kwenye baridi kali, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuingia ndani ya nyumba katika hali ile, na nilimwonea huruma sana kwa jinsi alivyotetemeka. Kisha ikabaki pampu. Samadi ikikaa ndani ya pampu inakula chuma chake, kwa hiyo ilibidi isafishwe siku ile ile kwa kuinywesha dizeli na baadaye oili. Tangu hapo kiboya kinafunguliwa na kuoshwa mwanzo wa kila msimu, kazi isiyofika hata saa moja.

Zamani, na bado kwa baadhi ya mashamba madogo, samadi ilirushwa kwa sahani ya chuma iliyo nyuma ya tenki, ambayo inaigonga na kuitawanya juu kama mwavuli mpana. Njia hiyo ni rahisi na mashine zake ni za bei nafuu, lakini upepo ukigeuka samadi inakwenda kwa jirani. Nimeona mashuka meupe kwenye kamba ya nguo ya mama mmoja yakiwa na madoa ya kahawia, na madirisha ya jikoni kwake yakiwa yametiririka hadi chini, kisa mkandarasi aliyetaka kumaliza kona ya mwisho kabla ya giza. Mfugaji mwenye shamba alikwenda mwenyewe kuomba radhi na kesho yake akaosha nyumba nzima, jambo nililoliheshimu. Serikali inawasukuma wafugaji waachane na sahani hizo, na wenye mifugo mingi wanalazimika kutumia mipira inayolaza samadi karibu na udongo. Sababu kuu ni hewa ya amonia: samadi ikirushwa juu, sehemu kubwa ya naitrojeni yake inapotea angani kabla haijafika kwenye majani, na mfugaji analazimika kununua dukani kile alichokuwa nacho bure.

Ardhi nayo ina mambo yake. Tenki la galoni 2,500 linabeba zaidi ya lita 11,000, yaani zaidi ya tani 11 mbali na uzito wa chuma, na mwezi wa Januari udongo wa huku ukiukanyaga unasikia maji yakilia chini ya buti. Sheria inakataza kumwaga kwenye ardhi iliyolowa chepechepe, iliyoganda kwa barafu au yenye theluji, na pia mvua kubwa ikitabiriwa ndani ya saa 48. Siku zinazobaki ni chache, na mtu mwenye shimo lililojaa hadi kwenye mihimili anashawishika kujaribu. Matairi yanazama hadi kwenye ekseli, linaitwa trekta la pili, nalo linateleza na kuchimba, na malango ya shamba yanageuka matope ambayo hayataota majani hadi kiangazi. Tenki lililonasa huwezi kulimwaga lote pale pale ili lipungue uzito, maana hiyo ni sumu kwa kipande hicho na balaa kama kuna mtaro karibu. Kwa maoni yangu, dereva anayerudisha tenki lililojaa na kusema shamba halibebeki anastahili kusifiwa na tajiri wake, hata kama siku imepotea.

Mtaro nimeutaja makusudi. Kwa kawaida tunatakiwa kukaa mita 5 kutoka kwenye maji yanayotiririka, na mita 10 katika wiki mbili za mwanzo na wiki mbili za mwisho za msimu. Kisima cha nyumba kinaachiwa mita 25. Samadi ikiingia kijitoni, vijidudu vinavyoiozesha vinamaliza oksijeni ya maji, na samaki aina ya trauti na samoni wanakufa kwa kukosa hewa umbali mrefu kutoka mahali ilipomwagika. Bomba moja lililofunguka usiku bila mtu kujua linatosha kuua kijito kizima. Nimelelewa mahali ambapo mfongo, ule mfereji wa mababu, una wazee wake na zamu zake, na anayeuchafua anaitwa kujibu. Kwa hiyo sioni ugumu wowote kuelewa kwa nini faini za huku ni kali.

Sasa nirudi kwenye kukoroga. Samadi iliyokaa bila hewa inatengeneza hidrojeni salfaidi, gesi ambayo hunaswa ndani ya uji ule hadi panga linapoanza kuzunguka, kisha inatoka yote kwa pamoja. Ikiwa kidogo inanuka kama yai viza. Ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, hivyo mtu anadhani harufu imekwisha kumbe hatari ndiyo imefika, na pumzi chache zinatosha kumwangusha. Mwezi Septemba 2012, karibu na Hillsborough, Ireland ya Kaskazini, mchezaji wa raga wa timu ya Ulster, Nevin Spence, mwenye umri wa miaka 22, alifariki kwenye shimo la samadi la shamba la familia yao pamoja na baba yake Noel na kaka yake Graham. Hapa hakuna mfugaji wa rika langu asiyeikumbuka siku hiyo.

Kanuni tunayofuata ni hii. Tunangoja siku yenye upepo, ng'ombe wote wanatolewa nje pamoja na mbwa, milango yote inafunguliwa, trekta linawashwa na panga linaanza, halafu watu wote wanaondoka na hakuna anayerudi kabla ya dakika 30 kupita. Watoto wanaambiwa wabaki nyumbani. Hakuna anayeinama kuchungulia shimoni, na hakuna anayeshuka kuokota kitu kwa sababu yoyote. Mwenzako akianguka humo hutakiwi kumfuata. Unapiga simu 112 na kungoja watu wenye mitungi ya hewa, hata kama moyo unapasuka. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tumesikia habari za watu kufa mmoja baada ya mwingine ndani ya shimo la choo au la taka, kila mmoja akimfuata wa kwanza ili amwokoe, na gesi za humo ni za ukoo mmoja na hizi. Wenye mitambo ya biogesi kule Kilimanjaro na Arusha wanaomwagia migomba tope linalotoka humo, nawaomba wasimruhusu fundi yeyote kushuka ndani ya mtambo kuusafisha kwa kuamini pua yake.

Kwa anayefikiria kazi hii, muulize mwajiri kabla ya kusaini kama sehemu ya kukorogea iko nje ya banda, kama mashimo yana vifuniko imara, na kama atakupa ovaroli, glavu, mabuti na mahali pa kuogea penye maji ya moto mbali na chumba chako cha kulala. Uliza pia nani atalipia leseni. Trekta kwenye barabara za Ireland linataka leseni ya daraja W, na ya Tanzania haibadilishwi moja kwa moja kuwa ya hapa, kwa hiyo utaanza na kibali cha mwanafunzi wa udereva. Usikubali kuvuta tenki barabarani kabla hujakipata na kabla bima haijaandikwa jina lako.