Bei ni ya wote, kikapu ni cha mmoja
Ukitengeneza tovuti ya kuuza viazi vya Uyole au parachichi za Rungwe, tenga mapema data za aina mbili. Bei ya gunia ni ya wateja wote. Kikapu, yaani orodha ya bidhaa alizochagua, ni cha mteja mmoja. HTTP, itifaki ambayo kivinjari na seva huwasiliana kwayo, yenyewe haikumbuki kitu: kila ombi la ukurasa huja kama la mgeni.

Kikapu kiweke kwenye sesheni, yaani kumbukumbu ambayo seva humtunzia kila mteja peke yake. Kwa lugha ya PHP, ita session_start() kabla ya kutoa maandishi yoyote. Hata mstari mtupu juu ya <?php unaweza kuzuia kuki ya PHPSESSID (alama inayomtambulisha mteja kwa seva) isitumwe, na mteja akihamia ukurasa wa malipo anakuta kikapu kitupu. Muda wa kutunza data za sesheni uliowekwa tangu mwanzo ni sekunde 1440, dakika 24 tu. Kwa mtu anayelipia akiwa shambani, mimi naona ni mfupi mno, uongeze kwenye mpangilio wa session.gc_maxlifetime.

Kosa baya zaidi ni kuweka kikapu kwenye kigeu cha pamoja (kinachotumiwa na wateja wote) katika Node.js au ASP.NET, majukwaa mengine ya kutengenezea tovuti: mteja wa Iringa ataona magunia ya mteja wa Mbeya. Kwenye kigeu hicho weka bei tu. Seva zikiwa mbili, kila moja ina kumbukumbu yake, kwa hiyo bei na sesheni zihamie kwenye hifadhidata au Redis (ghala la data la kasi) ambayo seva zote zinaifikia.