Nairobi hadi Diani kwa gari: kazi ya anayekaa kushoto kwa dereva

Mkienda Pwani wawili, nyote wawili mko kazini. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 na ushee, na ukishapita Kyumvi barabara pana inakwisha: mnabaki na njia moja ya kwenda, moja ya kurudi, na malori ya bandarini mbele na nyuma. Rafiki aliyelaza kiti na kukoroma kuanzia Mlolongo anamwachia mwenzake mzigo wa watu wawili.

Gari likaguliwe siku mbili kabla. Ukigundua kasoro alfajiri ya safari, fundi bado amelala nawe utajishawishi kwamba si kitu. Anza na matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 2319 maana yake tairi liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu huweza kuwa na meno mazuri huku mpira wake umeshakauka, na likikutana na lami ya moto kule Tsavo saa nane mchana, hupasuka. Upepo upimwe gari likiwa limelala usiku kucha, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Wapo wanaopunguza upepo kwa kuogopa joto. Wanajiletea balaa, maana tairi lililolegea hujikunja kila linapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakolipasha moto. Spea ipimwe pia. Kisha jaribuni kulegeza nati moja kwa spana yenu wenyewe, kwani nati zilizokazwa kwa mashine huishinda ile spana fupi ya gari, na Manyani si mahali pa kujulia hilo.

Maji ya rejeta tazama injini ikiwa baridi. Mafuta ni hesabu rahisi: gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita linataka lita 35 hivi kufika Mombasa. Bima nayo, ulizeni kama inamkubali dereva wa pili.

Saa kumi na moja alfajiri muwe mmeshauacha mji. Barabara inaelekea kusini-mashariki, kwa hiyo jua likichomoza huwapiga machoni. Wengi huosha kioo cha mbele kwa nje tu. Kwa ndani kuna utando mwembamba wa vumbi na mafuta usioonekana usiku. Mwanga ukiupiga, kioo chote huwa cheupe na lori lililo mbele hupotea. Ufuteni kwa kitambaa kikavu na safi kabla ya kulala.

Sasa kazi ya aliyeko kushoto. Asome vibao na kutaja matuta kabla hayajafika, hasa Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi, ambako kasi hushuka hadi 50 na watu wanavuka. Kwenye kona ya kushoto yeye ndiye anayeona kando ya lori mapema, basi aseme anachokiona: "Kuna basi," au "Sioni." Asiseme "pita". Uamuzi ni wa aliyeshika usukani. Indiketa ya lori pia msiitegemee. Dereva mmoja huiwasha kukuruhusu kupita, mwingine anageuka kweli.

Badilishaneni Mtito Andei, karibu nusu ya safari, hata kama dereva anaapa hajachoka. Kabla ya hapo, Makindu, hekalu la Masingasinga huwapa wasafiri chakula bila malipo. Vua viatu, funika kichwa, na acha sadaka. Kuleni kiasi. Kutoka Mtito hadi Voi barabara imenyooka, joto limepanda, na tumbo lililojaa huleta usingizi. Ndovu huvuka huko, wekundu kwa udongo wa Tsavo. Mkimwona mmoja punguzeni mwendo mapema, maana wenzake huenda bado wako kichakani.

Mkifika Miritini hamna haja ya feri ya Likoni. Shikeni barabara ya Dongo Kundu, mvuke madaraja ya Mwache na Mteza, mtatokea Pwani ya Kusini, upande wa Diani.

Halafu bahari. Angalieni ratiba ya maji kabla ya kupanga siku, kwani hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea kwa karibu dakika 50 kila siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu kuna bamvua: maji hupwa mbali sana, hakuna pa kuogelea, lakini mnaweza kutembea kuelekea mwambani mkiwa na viatu vigumu. Yakianza kurudi, geukeni papo hapo. Hujaza kwanza mabonde ya mchanga yaliyo nyuma yenu, upande wa ufuko, wakati mawe mliyosimama juu yake bado ni makavu.