Likizo iliyopangiwa mwisho

Nani aliandika yale madaftari? Hilo ndilo swali mashabiki wa katuni ya Gravity Falls walilolibeba kwa karibu miaka mitatu. Nyuma yake lilikuwepo jingine, lile linaloninyima usingizi mimi ninayeandika hadithi za watoto: walioiandika katuni ile walijua wanakokwenda, au walikuwa wanapapasa gizani kama sisi wengine?

Kwa asiyeijua, Dipper na Mabel Pines ni mapacha wa miaka 12. Wazazi wao wanawatoa Piedmont, California, na kuwapeleka wakakae likizo ya kiangazi kwa mzee Stan, ndugu wa babu yao, katika mji mdogo wa msituni huko Oregon. Mabel alitangulia kuzaliwa kwa dakika 5, kwa hiyo kwetu yeye angekuwa Kurwa na kaka yake Doto. Mzee Stan anawatoza watalii pesa ili waone maajabu ya kughushi. Dipper naye anaokota msituni daftari lililoandikwa namba 3, lisilo na jina la mwenyewe, limejaa michoro na habari za viumbe wa ajabu ambao si wa kughushi hata kidogo. Kipindi cha kwanza, kilichorushwa na Disney Channel Juni 2012, kinaisha Stan akibonyeza namba za siri kwenye mashine ya kuuzia vitafunwa na kupotelea nyuma yake. Hapo ndipo watu walipopagawa.

Alex Hirsch, aliyeibuni, aliwachochea kwa makusudi. Mwishoni mwa kila kipindi kulikuwa na mstari wa herufi zilizovurugwa. Ukiurudisha nyuma wimbo wa mwanzo, unasikia mnong'ono unaokuambia urudi herufi tatu, na ukifanya hivyo maneno yanasomeka. Mashabiki walipoizoea njia hiyo, mafumbo yakabadilishwa na kuzidi ugumu. Kwetu mtu akitega kitendawili na wenzake wakashindwa, hudai apewe mji kwanza ndipo atoe jibu. Mashabiki hawa walikataa katakata kutoa mji. Walipoanza kulikaribia jibu la nani mwenye madaftari, mwaka 2013 Hirsch alitengeneza picha ya uongo iliyomwonyesha mzee McGucket, yule anayeonekana mwendawazimu wa mjini, ujanani mwake akiandika daftari. Akaiachia mtandaoni kama vile imevuja, kisha akaandika ujumbe wa kujifanya amekasirika na kuufuta. Wengi walipotea njia. Nampenda kwa hilo, kwa sababu mtu hahangaiki hivyo kwa watazamaji asiowaheshimu. Hata baada ya katuni kuisha, Julai 2016 aliwaanzishia msako wa kweli. Dokezo la kwanza lilikuwa Urusi, na mwanzoni mwa Agosti watu walikuta sanamu ya Bill Cipher, yule adui wa pembetatu mwenye jicho moja, katika msitu wa Reedsport, Oregon.

Jibu lilitoka Machi 2015. Mwenye madaftari ni Ford, pacha wa Stan, aliyekuwa amepotelea katika ulimwengu mwingine kwa miaka 30. Wapo mashabiki waliokuwa wamelibashiri, wakashangilia. Nikitazama sasa, naona jibu lile lilifanya kazi kubwa kuliko kufumbua fumbo. Wazee hawa wawili walikuwa watoto wasioachana. Stan akaharibu bila kukusudia mashine ambayo ingemfungulia Ford mlango wa chuo alichokitamani, baba yao akamfukuza Stan nyumbani, na undugu ukafa. Halafu, likizo ikielekea ukingoni, Ford anamwomba Dipper abaki Oregon awe mwanafunzi wake, na Mabel arudi California peke yake. Mkasa uleule umeketi tena mezani, safari hii kwa watoto tunaowapenda. Hirsch mwenyewe alikulia Piedmont na ana pacha wa kike, Ariel. Mtu wa namna hiyo anajua vizuri mahali pa kuweka kidole.

Nimeirudia katuni hii na binti wa dada yangu, aliye darasa la saba. Mwakani anakwenda shule ya bweni. Madaftari hayakumshughulisha sana. Alichouliza ni hiki: "Mama mdogo, kwani Mabel ni mbaya?"

Ni kwa sababu ya lile tukio ambalo mashabiki wengi hawajamsamehe. Mabel amepanga sherehe ya kutimiza miaka 13. Wendy, msichana wa sekondari anayefanya kazi kwa Stan, anamwambia maisha ya sekondari ni magumu, marafiki zake wawili wanamwambia hawatakuwepo siku hiyo, kisha anasikia kwamba Dipper amekubali kubaki. Yote kwa siku moja. Anakimbilia msituni akilia, na mtu anayemfahamu anamwahidi kuirefusha likizo kidogo, akimpa tu kitu kimoja kilicho kwenye begi. Anampa. Kumbe ndani ya mtu yule yumo Bill, na kitu kile kikipasuka anga nayo inapasuka.

Nilimjibu kwamba si mbaya. Mtoto wa miaka 12 ameomba siku chache zaidi kabla watu wake hawajatawanyika, nani kati yetu hajawahi kuomba hivyo? Na hapa ndipo ninapowavulia kofia waandishi wale. Wangeweza kumpa adui jeshi au bomu. Badala yake walimpa tamaa ambayo hata mtazamaji anayo, ya kutaka kiangazi kisiishe. Mtazamaji anayelilia vipindi zaidi yuko upande wa Mabel, ajue asijue.

Ndiyo maana naona uamuzi mkubwa wa uandishi ulikuwa wa kalenda. Bart Simpson ana miaka 10 tangu 1989. Televisheni inapenda watoto wasiokua, kwa kuwa wanaweza kuuzwa miaka yote. Novemba 2015 Hirsch alitangaza kwamba Gravity Falls inamalizika kwa hiari yake, wala haikufutwa. Alieleza kwamba tangu mwanzo ilikusudiwa kuwa hadithi ya kiangazi kimoja, na kiangazi huisha. Misimu miwili, vipindi 40, basi. Bila tarehe ile ya basi la kurudi nyumbani, ombi la Mabel lisingekuwa na uzito wowote, na Dipper angeendelea kumtamani Wendy kwa miaka kumi bila kuambiwa kwa upole, kama alivyoambiwa, kwamba yeye bado ni mdogo.

Mashabiki bado wanaomba msimu wa tatu, na nawaelewa kabisa. Hata mimi ningeutazama siku hiyohiyo. Ila mapacha wale sasa wana miaka 13, Stan na Ford wako baharini kwenye mashua yao, na kofia ya Dipper amebaki nayo Wendy. Anayetaka kuandika kinachofuata itabidi aandike sekondari, sauti nzito, na ndugu wawili wanaofunga milango ya vyumba vyao. Hiyo ni kazi nyingine, na ningependa sana mtu aifanye, akiwa na watoto wake mwenyewe na tarehe yake mwenyewe.