Jinsi nilivyomwelewesha binti yangu atomu na chembe nano kwa gololi na ugali wa kiporo

Binti yangu alipoingia mwaka wa 11 wa shule hapa Manchester, mtihani wake wa kwanza wa majaribio wa kemia ulirudi na alama ndogo kuliko masomo yake mengine yote. Niliusoma usiku baada ya zamu yangu ya kazi, nikaona kosa moja lililojirudia katika maswali matatu: aliandika kwamba chembe nano, yaani punje ndogo mno ambayo yenyewe imeundwa kwa atomu nyingi, ni ndogo kuliko atomu. Hakuwa amezembea. Alikuwa amekariri kwamba nano ni kitu kidogo mno na kwamba vitu vyote vimeundwa kwa atomu, lakini hakuna aliyewahi kumwekea viwili hivyo pamoja avipime.

Ushauri niliopewa uliniudhi. Mzazi mwenzangu mmoja aliniambia nimwache akariri, kwa kuwa mtihani wenyewe ni wa kukariri, na mwingine akanielekeza kwa mwalimu wa ziada anayetoza pauni thelathini na kitu kwa saa. Mimi nilisoma kemia Tanga hadi kidato cha nne, na nakumbuka nilivyokuwa nikichora elektroni za sodiamu kwa mizunguko yake, 2, 8, 1, bila kukosea hata nukta, huku sijui kwamba ni ile elektroni moja ya nje, inayoachiliwa kwa urahisi, ndiyo inayoifanya ichachamae ikitiwa majini. Sikutaka mwanangu apitie njia ile ile.

Nilianza na gololi. Niliuinua ubao wa kukatia mboga juu ya vitabu, ukawa kama dari fupi, kisha chini yake nikaficha kitu ambacho binti yangu hakukiona, kama tusivyoweza kuona ndani ya atomu. Kazi yake ilikuwa kuviringisha gololi kupitia chini ya ubao na kuandika kila moja ilitokea wapi. Mara ya kwanza nilificha bakuli la udongo, na jaribio likaharibika kabisa: karibu kila gololi iligonga na kurudi, naye akahitimisha, tena kwa haki, kwamba atomu ni donge gumu lisilo na nafasi ndani. Jambo hilo lilinisumbua siku mbili, mpaka nilipokumbuka kwamba mwanakemia John Dalton, aliyeishi na kufundisha katika mji huu huu mwanzoni mwa karne ya 19, naye alizieleza atomu kuwa tufe gumu lisilogawanyika. Kwa hiyo sikumwambia kwamba amekosea. Nilimwambia amefika kwa Dalton, na kwamba tunaendelea mbele.

Mara ya pili niliondoa bakuli nikasimamisha betri moja nyembamba ya rimoti, nikaishikiza kwa udongo wa kuchezea wa mdogo wake. Aliviringisha gololi mara mia moja. Zilizopita moja kwa moja zilikuwa zaidi ya tisini, chache zilikengeuka, na mbili tu zilirudi upande aliokuwa amepiga magoti. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Kwa hiyo, Mama, sehemu kubwa ni patupu?” Hapo ndipo nilipomsimulia watafiti Geiger na Marsden, ambao mwaka 1909, katika maabara ya mwanafizikia Ernest Rutherford hapa hapa Manchester, walirusha chembe za alfa, zinazotoka kwenye vitu vyenye mionzi, kwenye karatasi nyembamba sana za dhahabu na metali nyingine, wakashangaa kuona chache mno zikirudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford alitangaza maelezo yake kwamba chaji chanya na karibu uzito wote wa atomu vimekusanyika mahali padogo katikati, panapoitwa kiini. Anayetaka kutumia gololi asisahau kumwambia mtoto kwamba chembe ya alfa haigongi kiini kama gololi inavyogonga betri. Inasukumwa mbali kwa sababu yenyewe na kiini vyote vina chaji chanya.

Kwa ukubwa wa kiini nilitumia punje ya ulezi, ambao huwa ninao jikoni kwa ajili ya uji. Tuliiweka katikati ya uwanja wa mpira. Kama punje ile ni kiini cha haidrojeni, basi elektroni yake iko huko karibu na magoli.

Chembe nano zilikuja baadaye, na nashauri zije baadaye. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Atomu ina upana wa takriban nanomita 0.1, na chembe nano ni kati ya nanomita 1 na 100. Nilimpa penseli achore nukta kumi zinazogusana katika mstari mmoja, kila nukta ikiwa atomu, na huo ndio upana wa chembe nano ndogo kabisa. Tangu siku hiyo hajarudia kosa lile.

Kilichobaki ni kwa nini udogo unabadilisha tabia, na hapo ugali wa kiporo ulifanya kazi ambayo kitabu hakikuiweza. Ugali uliolala hukatika vizuri kwa kisu. Tulikata miche miwili iliyolingana, kila upande sentimita 4, mmoja tukauacha mzima na mwingine tukaukata vipande 64 vya sentimita moja moja. Ujazo ni ule ule, sentimita za ujazo 64, lakini eneo la nje limepanda kutoka sentimita za mraba 96 hadi 384. Kisha nikamwambia avipake vyote mchuzi. Mche mzima ulitosheka na vijiko vichache, ilhali vile vipande vilimaliza karibu bakuli lote, naye akaona kwa macho yake kwamba kadiri kitu kinavyogawanywa ndivyo kinavyopata uso mwingi wa kukutana na vingine. Ndiyo maana kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali, kikiwa cha chembe nano kinaweza kutumika kwa kiasi kidogo kuliko cha unga wa kawaida.

Mfano mwingine alinipa yeye mwenyewe. Mafuta ya kujikinga na jua yenye oksidi ya zinki ya kawaida humwachia weupe usoni, lakini yale yenye chembe nano hayaonekani sana, kwa sababu chembe zake ni ndogo kuliko mawimbi ya mwanga tunaouona, huku zikiendelea kuzuia miale ya urujuanimno.

Katika mtihani wa pili wa majaribio alipata alama zote za swali la uwiano wa eneo na ujazo. Alipoteza moja tu, kwenye kugeuza nanomita kuwa mita, alikoandika sifuri moja pungufu, na jioni hii tumekaa mezani tunazihesabu sifuri hizo.